Chokaa Haina Haraka

Fundi alikuwa anabandua saruji. Nyumba yenyewe ni ya zamani, katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na ile lipu ya saruji ilikuwa kazi ya fundi mwingine wa miaka ya karibuni, ngumu na laini kwa kuitazama. Kila alipogonga lilidondoka pande zima kama sinia. Nyuma yake ukuta wa matumbawe ulikuwa umelowa, unamomonyoka kama andazi lililosahaulika ndani ya chai.

"Unaona, mwanangu? Ukuta huu ulikuwa unapumua. Wakauziba pua."

Hakuwa anasema kishairi. Jiwe la tumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari, na lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke taratibu. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi yake, na chumvi ikishaganda hulila jiwe punje kwa punje. Nilimuuliza mbona basi watu wanapaka saruji. Akacheka: saruji unapaka leo, kesho unapokea hela yako.

Chokaa ya kale haikuwa na kesho ya namna hiyo. Tanuri lake halikuwa hata jengo. Magogo ya mikoko au minazi yalipangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na juu yake vikamwagwa vipande vya matumbawe. Moto ukila magogo, matumbawe hushuka nao, hata vyote viwe rundo moja jeupe. Jiwe lililoungua vyema huwa jepesi mkononi. Likipata maji, au likiachwa tu lipigwe na umande na mvua, hupasuka lenyewe na kuwa unga. Unga huo nao fundi mzuri hakuukimbilia. Aliuacha ulale miezi, kwa sababu chokaa changa ikishapakwa huendelea kufura ukutani na kuacha vijipele.

Jiwe ndilo lenye haraka, na hapo ndipo kazi hii iliponivutia. Waashi wa pwani walikuwa na mawe mawili. La kuta lilichimbwa nchi kavu: mwamba wa matumbawe ya kale, wenye matundu, mgumu, unaovunjwa na kupangwa bila kuchongwa. La pili lilitolewa baharini likiwa bichi. Hilo, likiwa bado na maji yake, hukatika kwa tezo kama muhogo, likikauka hukaza. Mchonga mihrabu alikuwa akishindana na jua. Chokaa imsubirishe miezi, tumbawe bichi limpe siku chache, na katikati ya nyakati hizo mbili apate upinde uliokaa sawa.

Twende Kaole, kilometa 5 hivi kusini mwa mji. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipachimba mwaka 1958. Ipo misikiti miwili iliyobomoka na makaburi yaliyotapakaa chini ya miti, na msikiti wa kale zaidi hukadiriwa kuwa wa karne ya 13. Wageni huonyeshwa kisima na mbuyu, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi husimama mbele ya kibla.

Makka iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kaskazini-kusini na Bagamoyo, imesogea mashariki kwa nyuzi moja hivi. Anayeswali Kaole basi huelekea kaskazini, karibu moja kwa moja. Pwani inaweza kupinda itakavyo na upepo uvume utokako; msikiti umekaa kama sindano ya dira. Dini ndiyo iliyochora mstari wa kwanza ardhini, kabla fundi hajashika timazi.

Mstari wa pili ulichorwa na mkoko. Boriti ya mkoko, ikibebeshwa dari zito la kokoto na chokaa, haivuki zaidi ya mita 3 hivi kutoka ukuta hadi ukuta. Ukitaka chumba kipana, simamisha nguzo katikati. Ndiyo sababu katika misikiti kadhaa ya kale ya pwani, ule wa Gedi kule Kenya ukiwamo, safu ya nguzo za kati imesimama sawasawa na mihrabu na kuwaziba macho waumini waliopanga safu nyuma. Mtu mwenye pupa atasema walikosea hesabu. Kwangu, walikubali. Kibla haisogei na boriti hairefuki. Kinachoweza kusogea ni shingo ya mwenye kuswali.

Katika karne hiyohiyo ya 13, Wafaransa wa Chartres walikuwa wanamalizia kulijenga upya kanisa lao lililoungua mwaka 1194. Nao walichoma mawe kupata chokaa, nao wengi wao hawakuacha jina. Makanisa ya Ulaya ya zama zile kwa kawaida yalielekezwa mashariki, jua linakochomoza. Ila wao dini iliwaamuru waende juu. Dari la Chartres liko mita 37 kutoka sakafuni, la mawe matupu yaliyoegemezana kwa matao yaliyochongoka, na msukumo wake wa pembeni unapelekwa nje mpaka kwenye mihimili inayouzunguka ukuta. Msikiti wa Kaole haukuota kwenda juu. Haukuhitaji hata mnara. Imani ya Kaole ilitaka safu, bega kwa bega, na safu huenda upande.

Kwenye makaburi, hata hivyo, watu wa pwani walikwenda juu. Kaole, na tena Kunduchi ukiwa njiani kurudi Dar es Salaam, nguzo za chokaa zimesimama kichwani mwa makaburi, nyingine zina matundu ya mviringo yaliyokuwa na vibakuli vya Kichina. Vibakuli vimeng'oka, duara limebaki, safi kama lilivyopigwa siku ile. Jaribu kukaza bakuli la kauri ndani ya chokaa mbichi bila kulipasua na bila kuacha ufa pembeni, utajua ule mkono ulikuwaje. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hawapendi kaburi linyanyuliwe. Wenyeji hawakupenda mkubwa wao alale bila kuonekana. Nje kidogo ya mji, Wazaramo walikuwa wakisimamisha juu ya makaburi yao nguzo za mti zilizochongwa umbo la mwana hiti, kiwiliwili kisicho na mikono, chenye kichwa cha vishungi viwili. Sitadai nguzo moja ilizaa nyingine. Nasema tu kwamba ya chokaa haina uso, ya mti inao, na mwendo wa kutoka moja hadi nyingine ni wa saa chache.

Mwaka 1868 wakaja Bagamoyo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1872 wakaanza kanisa lao. Katika mnara wa kanisa hilo ndimo mwili wa mmisionari Livingstone ulimolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Watu waliokulia kwenye vivuli vya makanisa ya Ulaya walifika hapa wakakuta jiwe ni lilelile la Kaole na chokaa ni ileile. Huko Mkunazini, Unguja, jiwe la msingi la kanisa la Askofu Edward Steere liliwekwa Krismasi ya 1873, palipokuwa soko la watumwa, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Steere alitaka paa la mviringo lisilo na boriti hata moja. Akachanganya matumbawe yaliyopondwa na saruji, na wengi wakangoja limwangukie. Halijaanguka. Husimuliwa pia kwamba alipokuwa safarini, mafundi walizisimamisha nguzo fulani za mlangoni kichwa chini, naye aliporudi akaziacha hivyohivyo. Kama ni kweli, namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa paa.

Saruji ya Steere ilikuwa tumboni mwa zege, ikishika paa. Hii ya Bagamoyo ilipakwa usoni. Fundi wangu alilisogeza rundo la vigae vyake kwa mguu, akauosha ukuta kwa maji, akapiga tabaka la kwanza la chokaa na mchanga, jembamba, akilisukuma ndani ya matundu kwa kidole gumba pale mwiko ulipogoma. Nikadhani ataongeza la pili. Akatundika magunia yaliyolowa juu ya ukuta ili usikauke upesi, akanawa mikono.

"Imekwisha?"

"Kwa leo. La pili ni wiki ijayo, mvua ikikubali."

Akachota kopo jingine la maji, akayanyunyizia magunia.