Richie Benaud: mchezaji aliyejifunza kunyamaza

Tarehe 1 Februari 1981, mechi ya kriketi katika uwanja wa Melbourne. Umebaki mpira mmoja, na New Zealand wanahitaji mikimbio sita ili watoke sare na Australia. Nahodha wa Australia, Greg Chappell, akamwagiza mdogo wake Trevor auviringishe mpira chini kama mtoto anayecheza gololi, usije ukapigwa hewani ukavuka mpaka wa uwanja. Sheria za wakati ule hazikukataza. Mpigaji, Brian McKechnie, akauzuia, kisha akalitupa gongo lake kwa hasira.

Baadaye Richie Benaud, nahodha wa zamani wa Australia hiyohiyo aliyegeuka mwandishi na mtangazaji, akaikabili kamera ya televisheni ya Channel Nine. Alisema kitendo kile ni aibu, miongoni mwa mabaya kabisa aliyowahi kuyaona uwanjani. Hilo hata mshabiki wa kijiweni angelisema. Kazi ya mwandishi imo katika lile aliloongeza: balaa lilianzia kwenye hesabu. Chappell alikosea kuzipanga ova (zamu za mipira sita) za warushaji wake, Dennis Lillee akamaliza kumi zake mapema, na ya mwisho ikamwangukia Trevor. Mtazamaji akapata hukumu na sababu yake, bila sauti kupandishwa.

Umahiri ule haukuja na kustaafu. Benaud aliacha kucheza mwaka 1964, lakini ufundi wa habari alianza kuutafuta miaka minane kabla. Mwaka 1956, ziara ya timu nchini Uingereza ilipokwisha, alibaki London kuhudhuria mafunzo ya televisheni ya BBC. Nje ya darasa aliwachungulia wakongwe wakiwa kazini: Peter O'Sullevan wa mbio za farasi, Henry Longhurst wa gofu, Dan Maskell wa tenisi. Katika watatu hao hakuna wa kriketi. Kriketi alikuwa nayo tayari; alichokifuata kwao ni namna ya kusema.

Kisha gazeti la The Sun la Sydney likampa habari za polisi. Nadhani hapa ndipo alipopikwa hasa. Habari ya wizi inataka nani, wapi, kimechukuliwa nini, na gazeti linasubiri; ukileta madoido, kalamu ya mhariri inakufyeka.

Wastaafu wetu wengi wa soka hawakupita jikoni humo. Hukabidhiwa kipaza sauti kwa sababu ya jina, na dakika ya tano haijaisha umeshasikia “enzi zetu” mara tatu. Benaud alikuwa na enzi za kutosha: ndiye wa kwanza kufikisha wiketi 200 (yaani kuwatoa wapigaji 200) na mikimbio 2,000 katika mechi za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa, na akiwa nahodha hakupoteza mfululizo wa mechi hata mmoja. Aliziacha nje ya chumba cha utangazaji.

Halafu alikijua chombo chake. Redioni, mtangazaji akinyamaza uwanja unazimika, ndiyo maana sisi tuliolelewa na redio tunampenda asiyepumua. Kwenye televisheni mpira unaonekana. Juni 1993, Old Trafford, Shane Warne wa Australia alirusha mpira wake wa kwanza dhidi ya Uingereza katika Ashes, mashindano ya nchi hizo mbili. Ukadunda nje ya miguu ya mpigaji Mike Gatting, ukakata kona, ukagonga kijiti cha upande wa pili. Benaud naye enzi zake alikuwa mzungushaji wa aina hiyohiyo, angeweza kutoa mhadhara mzima juu ya kifundo cha mkono. Alisema sentensi chache tu, kwamba Gatting hajui kilichompata, na mpaka sasa bado hajui. Kamera ikatuonyesha uso wa Gatting.

Tarehe 12 Septemba 2005, uwanja wa The Oval, alikuwa akiwaaga watazamaji wa Uingereza baada ya miaka 42. Katikati ya shukrani zake, Glenn McGrath wa Australia akaviangusha vijiti vya Kevin Pietersen wa Uingereza, aliyekuwa na mikimbio 158. Benaud akayaacha maagano yake palepale, akatangaza wiketi.