Mshika Mbili na Nafasi ya Mwandishi wa Riwaya

Katika semina ya uzamili hapa Eldoret, mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu wa sekondari na mama wa watoto watatu, alisema jambo ambalo halijanitoka kichwani. Ana mswada wa riwaya aliokwisha kuufikisha sura ya saba. Mhariri amempa makataa mara mbili, na mara zote mbili yamempita. “Prof, si kwamba sina la kusema,” akaniambia. “Sina nafasi.” Wenzake wakacheka, na mmoja akamtupia methali: mshika mbili moja humponyoka. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoanza kukionea haya kicheko changu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kiswahili hakikujenga ukuta kati ya mahali na wakati katika neno nafasi. Ukikosa kiti ndani ya matatu, husemi kwamba umekosa kiti tu. Unasema hakuna nafasi. Ukialikwa arusi na una shughuli, unasema huna nafasi. Virginia Woolf, katika insha yake mashuhuri ya 1929, alihoji kuwa mwanamke anayetaka kuandika kazi za kubuni anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe. Mswahili angeweza kuyafunga mengi ya hayo katika neno moja. Lakini neno hili pia lina ujanja wake, maana halituambii nafasi hiyo imetolewa na nani. Kila abiria wa matatu anajua kwamba ukipata nafasi katika gari lililojaa, kuna mtu aliyesogea.

Swali langu leo ni hilo. Mwandishi wa riwaya anapopata nafasi, nani amesogea? Na kwa nini uhakiki wetu haumwoni?

Tumezoea kuihakiki riwaya kana kwamba imedondoka kutoka mbinguni ikiwa imepigwa chapa. Tunachambua dhamira, wahusika, usimulizi na matumizi ya lugha. Ukurasa wa shukrani tunauruka. Hata hivyo, ukurasa huo una mengi ya kufichua. Mara nyingi utamkuta mwandishi wa kiume akimshukuru mkewe kwa “uvumilivu”. Neno hilo nalo si la kupitwa hivi hivi. Mtu huvumilia njaa, baridi, au maumivu ya jino. Kumbe riwaya ya mume huingia nyumbani kwa sura hiyo! Kazi aliyoifanya mke, ya kupika, kuuguza, kusimamia masomo ya watoto na kuwanyamazisha baba akiandika, imegeuzwa kuwa hulka njema. Haihesabiwi kuwa kazi.

Tumchukue Shaaban Robert. Alizaliwa 1909 na kufariki 1962, na sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima aliitumia akiwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika idara ya forodha kuanzia 1926, kisha katika idara nyingine. Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952) ni vitabu vya mtu aliyekuwa na mwajiri. Katika Maisha Yangu anaeleza uhamisho wa kikazi, anaomboleza kifo cha mkewe Amina, na humo mna tenzi mbili alizowatungia wanawe: Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Kwa hiyo nyumba haikuwa kikwazo cha uandishi wake tu. Ilikuwa pia chemchemi yake. Hilo tunalisema kila mwaka darasani. Lakini katika miaka yote niliyokifundisha kitabu hicho, sikumbuki hata siku moja nikiuliza mkono wa nani uliwalisha watoto hao wakati baba alipokuwa ofisini mchana na kwenye karatasi zake usiku. Niliuona wosia wa baba, nikaona inatosha. Na ndani ya wosia huo, binti hufunzwa juu ya ndoa na mwenendo wa mke. Sijui kama tumewahi kujiuliza iwapo binti huyo naye angeweza kutaka kalamu.

Tukija karibu na kwetu, tuna Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, mwana wa Trans Nzoia ambaye kwa miaka mingi aliugawa uandishi wake kati ya chumba cha habari na chuo kikuu. Mamake Kongowea, Zainab Makame, ni mwimbaji maarufu wa Tanga anayemlea mwanawe peke yake. Ni msanii na ni mzazi. Anafariki mapema, naye mwana anafunga safari ndefu hadi Kitale kumtafuta baba. Tumelisifu sana simulizi hilo, na linastahili sifa. Lakini soma tena ukiwa na swali la nafasi mkononi. Msanii anayelea ndiye anayeondolewa ili mwana apate kusimulia. Sauti ya mama inakuwa kumbukumbu inayomsukuma mwanamume kuandika. Hatumwoni kwa kina akijaribu kutunga huku mtoto akimlilia uji, na hapo ndipo mwanafunzi wangu angejitambua.

Mtu ataniambia mambo yamebadilika. Baada ya Kidagaa Kimemwozea ya Walibora, riwaya teule ya Kiswahili katika shule zetu za sekondari ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei, nayo ikafuatwa na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Wanawake wawili kwa mfululizo, tena wasomi na walimu. Ni kweli, na ni jambo la kushangilia. Lakini hata katika Chozi la Heri nyumba ina mtu wa kulaumiwa, naye ni Sauna, mfanyakazi wa nyumbani anayewatorosha Dick na Mwaliko na kuwatia mikononi mwa Bi Kangara. Matei hakumfanya Sauna kuwa shetani mtupu. Amempa historia ya kudhulumiwa utotoni, tena nyumbani kwao. Bado wasomaji wengi wa shule humkumbuka kama yaya mwizi. Ilhali katika miji yetu, Eldoret ikiwemo, mwanamke mwenye ajira anayeandika riwaya aghalabu huweza kufanya hivyo kwa sababu kuna Sauna mwingine, mwaminifu, aliyebeba mtoto mgongoni. Huyo hana sura katika riwaya zetu, na ni nadra kumkuta katika ukurasa wa shukrani.

“Mbona Margaret Ogola aliweza?” Hilo nimeulizwa pia. Ogola alikuwa daktari wa watoto, mke na mama, na aliandika The River and the Source (1994), riwaya ya vizazi vinne vya wanawake iliyotwaa Tuzo ya Jomo Kenyatta na ile ya Jumuiya ya Madola. Aliweza, naam. Lakini tazama tarehe. Riwaya iliyoendeleza hadithi hiyo ilitoka 2002, miaka 8 baadaye. Sidai kwamba kila mwaka kati ya hiyo ulimezwa na wodi na jikoni, maana riwaya nzuri huchukua muda. Ninachokataa ni kumgeuza mwandishi mmoja wa ajabu kuwa rungu la kuwapigia wengine. Tunahesabu vitabu vilivyofika mezani. Miswada iliyokwama sura ya saba haina msahihishaji wala mtahini.

Hapa ndipo ile methali inaponitia shaka. Mshika mbili moja humponyoka, ndiyo, lakini wanaume wengi wa fasihi yetu walishika mbili, hata tatu, na hakuna kilichowaponyoka. Walikuwa makarani, wanahabari, maprofesa na waandishi kwa wakati mmoja. Cha pili kilikuwa kimeshikwa na mtu mwingine. Nisiwasute wenzangu nikajisahau. Tasnifu yangu ya uzamifu iliandikwa usiku, mimi mezani na mlango umefungwa, mke wangu upande wa pili na mtoto mwenye homa. Katika shukrani nilimwandikia sentensi moja. Bila shaka mmekwisha kulikisia neno nililolitumia.

Basi tufanyeje? Wahakiki tuanze kuuliza kazi iliandikwa lini, saa ngapi, na kwa jasho la nani, kisha tuone majibu hayo yameacha alama gani katika umbo lake: sura fupi fupi, mama anayefariki mapema, yaya asiye na upande wa pili. Huo si umbea. Ni sehemu ya historia ya fasihi. Wachapishaji nao, ambao kalenda yao hufuata ya shule, wajue kwamba makataa ya wiki sita hayana uzito sawa kwa kila mwandishi. Kwa mmoja ni wiki sita za usiku mtulivu. Kwa mwingine ni mitihani ya kusahihisha, nguo za kufua, na labda saa moja alfajiri kabla ya uji kuchemka.

Ijumaa ijayo tunakutana tena semina. Nimepanga kuianza kwa kumwomba mwanafunzi wangu radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa nilicheka mbele yao. Kisha nitamwomba atusomee hiyo sura ya saba. Atasoma yeye, na zamu hii sisi wengine ndio tutakaosogea.