Iten Isiyo na Watu

Kabla hujaniamini, wacha niseme ukweli: zile makala za "wapi pa kumpeleka mpenzi wako wikendi hii" nimeziandika mimi. Si zote, lakini nyingi kuliko ningependa mama ajue. Naziandikia kitandani hapa Kapsoya, kwenye bedsita ambayo ukuta wake unatetemeka kila jirani akiwasha muziki, nalipwa kwa M-Pesa, na kwa kuwa niliacha chuo mwaka wa pili, siringi na kazi.

Mji ninaouuza sana ni Iten. Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024, watu wamepata sababu ya kusema wanatoroka jiji, hata kama wanatoroka kwa matatu ya saa moja hivi.

Makala hizi zina kanuni, na zile video fupi tunazotumiana zina kanuni hizohizo. Wawili wanaonekana kwa mgongo. Msichana anamvuta mvulana mkono kuelekea ukingoni. Droni inapaa, Bonde la Kerio linafunguka. Kisha shuka nyeupe, chai inayofuka mvuke, shuka la Kimaasai mabegani (Iten si Umaasaini, lakini nani anajali). Hakuna mtu wa tatu. Chai imejileta. Kitanda kimejitandika.

Na neno linalobeba mzigo wote ni utulivu. Kwenye makala yangu moja ya maneno mia nne nililihesabu mara tisa.

Kosa si kwamba neno limechoka. Kosa ni kwamba tunaliandika pale tunapomaanisha kimya. Utulivu uko ndani ya mtu. Unaweza kutulia katikati ya soko. Kimya ni pale ambapo hakuna anayesema, na ukikikuta lazima uulize kwa nini. Sisi hatuulizi. Tunapiga picha.

Mwezi uliopita nilienda kulala Iten kwa mara ya kwanza. Ndiyo, ya kwanza. Tulikuwa wawili, mimi na mtu aliyeniomba nisimtaje. Tukapita kwenye ule upinde wa Home of Champions, tukapata chumba, tukaangalia bonde hadi baridi ikatufukuza (mita 2,400 juu ya usawa wa bahari si mchezo), tukalala mapema kama nilivyoahidi wasomaji. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tukaamshwa na miguu. Kundi, halafu kundi lingine, viatu vikikwaruza murram, pumzi, mtu akikohoa, mwingine akipaza sauti kwa Kikalenjin. Mwenzangu akachungulia dirishani.

"Si uliandika huku hakuna watu?"

Sikuwa na jibu. Huo mji haulali mapema kwa sababu ni mtulivu. Unalala mapema kwa sababu alfajiri kuna kazi, na kazi yenyewe ni kukimbia mpaka dunia ikujue au magoti yakatae.

Chai ililetwa na mama mmoja aliyetuuliza kama tumelala vizuri na kwetu ni wapi, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kama nyumbani wanajua tuko huko. Alipoondoka, mwenzangu akasema bila kuniangalia, "Hapa ndipo Agnes alikuwa anaishi."

Septemba 2021 Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee, kule Herzogenaurach, Ujerumani. Oktoba 13 mwaka huohuo alipatikana ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels, kupambana na dhuluma dhidi ya wanawake. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda akafia hospitalini hapa Eldoret, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Trans Nzoia.

Utasema tangazo la chumba si tanzia. Kweli. Lakini rudi usome tunachouza: mbali na watu, nyinyi wawili tu, zima simu, hakuna atakayewasumbua. Kwa wanaopendana hiyo ni raha. Kwa msichana aliyetoka na mtu ambaye hajamjua vizuri, hayo ndiyo mambo yaleyale ambayo shangazi yake angemwonya. Nimeyaandika mara ngapi, na nikayaita mapenzi?

Kazi niliyoiona ikikishuku kimya hiki ni filamu ya Kati Kati ya Mbithi Masya, ya 2016. Kaleche (Nyokabi Gethaiga) anajikuta nyikani bila kumbukumbu, anafika kwenye loji, anakaribishwa na vijana wachangamfu. Kata dakika zile za mwanzo, weka muziki, na unayo video ya wikendi. Kisha anaambiwa amekufa, kama wao wote. Anavyozidi kukaribiana na Thoma (Elsaphan Njora), ndivyo unavyozidi kutaka kujua hawa watu wananyamazia nini. Uwanda ni uleule mtupu tunaoupenda, ila Masya anautazama hadi unakosa raha. Filamu haijakamilika: dakika 75 ni chache kwa mizigo aliyowabebesha wahusika wake, na wengine wanapita kabla hujawajua. Lakini hakuna anayetoka pale akidhani mahali pasipo na kelele pana amani.

Nilirudi Kapsoya nikaandika makala upya. Nikaweka wakimbiaji. Nikaweka mama wa chai na maswali yake. Nikaweka na sentensi moja inayokushauri umwambie rafiki unaenda wapi na na nani. Agnes sikumtaja, sikuona haki kumtumia kuuza chumba. Utulivu nililitumia mara moja, na nadhani pale lilistahili: jioni, mwenzangu alipovua viatu akaweka miguu yake baridi juu yangu.

Mteja wangu akajibu siku hiyohiyo. Makala ni poa, akasema, ila nipunguze watu. Na hiyo ya kuambia rafiki uko wapi niitoe, inatisha wageni.

Sijaitoa. Soo sita zangu pia hajatuma.