Mchezaji Mstaafu na Sanaa ya Kukumbuka

Masimulizi ya wachezaji wa mpira waliostaafu ni utanzu wa fasihi simulizi ambao bado haujapimwa ipasavyo. Mfano maarufu ni bao la Peter Tino mjini Ndola, Zambia, mwaka 1979. Bao hilo lilileta sare ya 1-1, nayo ikatosha kuipeleka Tanzania Lagos, katika fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Mara nyingi mpira ukiisha kuingia wavuni, hadithi nayo hukoma. Lakini huko Lagos timu ilifungwa na Nigeria 3-1, ikafungwa na Misri 2-1, ikatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Kisha ikangoja miaka 39 kurudi.

Kasoro hiyo si ya uongo, bali ni ya majigambo, ambayo kanuni yake ni kutaja ushindi tu. Msikilizaji wa Munanila, katika milima ya Buhigwe karibu na mpaka wa Burundi, hakuuona uwanja wa Ndola. Hana picha ila ile apewayo. Akiambiwa, "Tulikuwa hodari," hapati kitu. Akielezwa beki alisimama wapi, pasi ilitoka kwa nani, na mchezaji wa ridhaa aliishije miguu ilipochoka, hapo huona.

Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo. Msimulizi hodari ndiye auvunjaye usemi huo, kwa kuwapa fungu lao mabeki na waliokaa benchi, wasiokuwapo kujisemea.