Meno ya nailoni: kosa la utambuzi lililoonekana kwa macho

Mtoto wa miezi saba anaharisha, mwili unachemka, ziwa halitaki. Mganga anamfunua mdomo, anaonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi, pale chonge linapokaa, na anatamka kwamba ugonjwa ni meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita ya plastiki. Anayachokoa, mara nyingine kwa spoku ya baiskeli, na mama anaonyeshwa kitu laini kilichotoka. Utambuzi huu umeenea sehemu nyingi za Tanzania na Uganda, na nguvu yake yote imo katika kuonekana: virusi havionekani, uvimbe unaonekana. Njia iliyotumika kuuangusha inamfaa mzazi yeyote wa wilaya ya Same, na haimhusu mganga peke yake.

Mtafiti Pindborg alieleza desturi hii nchini Uganda mwaka 1969, Mosha akaieleza Tanzania mwaka 1983, kisha Matee na van Palenstein Helderman mwaka 1991. Wataalamu wa meno walikichunguza kinachong'olewa, wakakuta ni chipukizi la chonge la utotoni, laini kwa sababu bado halijakomaa. Chonge huchomoza takriban miezi 16 hadi 20, lakini umbo lake hutuna kwenye ufizi mapema zaidi. Kila mtoto analo, mgonjwa na mzima. Hapo ndipo hoja ya mganga inapokatika, maana dalili waliyo nayo wote haiwezi kumtenga mgonjwa. Madhara, kwa upande mwingine, yalihesabika: mapengo, meno ya kudumu yaliyoharibika, kutokwa damu, maambukizi.

Pingamizi kubwa ni kwamba watoto hupona baada ya kung'olewa. Ni kweli, wengi hupona. Lakini kuharisha kwa ghafla kwa kawaida huisha chenyewe ndani ya wiki moja hivi, na mganga huitwa hali ikiwa mbaya kabisa, yaani siku chache kabla ya nafuu ambayo ingekuja hata mtoto asipoguswa. Zahanati nayo ilichangia imani hii. Mama alipewa ORS bila kuambiwa kwamba kazi yake ni kurudisha maji na chumvi mwilini, wala si kufunga choo. Akaona choo kinaendelea, akahukumu kwamba dawa ya hospitali imeshindwa. Zinki ndiyo hufupisha siku za kuharisha. Jaribio lililo wazi zaidi la hoja ya mganga lilikuja mwaka 2013, Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya virusi vya rota katika wiki ya 6 na ya 10. Chanjo hiyo hufanya kazi utumboni na haigusi ufizi, lakini watoto wanaolazwa kwa kuharisha kwa rota walipungua.

Asitokee mtu akasema huu ni ujinga wa vijijini. Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 16, alipasua fizi za watoto kwa mawazo yaleyale, na takwimu za serikali ya Uingereza za mwaka 1839 zilihesabu vifo 5,016 vilivyodaiwa kusababishwa na kuota meno. Madaktari waliosoma walidanganywa na umri: meno huja wakati uleule mtoto anapoanza uji, anapotambaa na kuokota kila kitu, na kinga aliyopewa na mama inapopungua.

Kwa hiyo muuguzi anayesema "ni meno tu hayo" naye aulizwe, sawasawa na anayeandika Flagyl kwa kila tumbo bila kuuliza kama choo kina damu. Kwanza yaulizwe maji: tambarare ya Same iko kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Upare, na mradi wa maji kutoka Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025 tu, baada ya miaka mingi ya kusubiri. Chombo cha maji na uji uliolala vichunguzwe kabla ya mdomo wa mtoto. Macho yaliyodidimia, ngozi inayochelewa kurudi ikifinywa, damu kwenye choo au kushindwa kunywa ni sababu ya kwenda siku hiyohiyo hospitali ya wilaya ya Same, au ya Gonja kwa walio upande wa mashariki. Kuharisha kunakofikisha siku 14 kusiitwe meno na yeyote: mtoto huyo apimwe lishe, VVU na vimelea, na jibu lisipopatikana wazazi waombe rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi.