AllSpark ina sheria ngapi? Transformers na kifaa kinachobadilika kila muvi

Ukiingia kibanda umiza chochote hapa Bagara, au kwingine kokote Babati, kuna sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: steringi hafi. Risasi zitapigwa, ghorofa litaanguka, steringi atatoka kwenye vumbi akikung'uta bega. Hakuna anayelalamika, maana tulishakubaliana tangu mwanzo.

Leo tuongelee sheria za aina nyingine, zile ambazo muvi inajitungia yenyewe halafu inazisahau. Mfano wetu ni Transformers, maroboti yanayogeuka magari, na kile kifaa chao chenye nguvu kuliko vyote. Shida ni kwamba ukiuliza "kifaa gani?", jibu linategemea umeangalia muvi ipi.

Tuanze na mchemraba

Katika Transformers ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Michael Bay, kifaa kinaitwa AllSpark. Ni mchemraba wa chuma uliojaa maandishi, na ndio chanzo cha uhai wa maroboti wote. Nguvu yake ikielekezwa kwenye simu ya Nokia, simu inageuka karoboti kenye hasira. Megatron, adui mkuu, aliufuata mpaka duniani akaganda kwenye barafu, na wanadamu wakaja kumficha yeye na mchemraba katika bwawa la Hoover kule Marekani. Mwishoni kijana Sam anamsukumia Megatron mchemraba kifuani. Megatron anakufa, mchemraba nao unateketea.

Mpaka hapo mimi sina ugomvi. Tumepewa sheria mbili zinazoeleweka: mchemraba unatoa uhai, na ukisukumwa kifuani mwa roboti unaua na wenyewe unaisha. Tena kuna gharama. Maroboti wameokoa dunia yetu, ila wamepoteza njia ya kuifufua sayari yao, Cybertron. Ushindi unauma, na ndiyo maana unakumbukwa.

(Fizikia nayo ina neno. Ndani ya bwawa mchemraba ni mkubwa kama jengo, halafu Bumblebee anaukunja mpaka unabebeka mikononi. Tuseme kila upande ulikuwa mita 10 tu. Ungekuwa chuma kitupu ungekuwa na tani 7,870, yaani mzigo wa malori 787 ya tani kumi kumi. Hata ukiwa na uwazi ndani kwa asilimia 90, zinabaki tani 787. Kukunja kitu hakupunguzi tungamo lake. Sam anakimbia nao mtaani kama kabeba mkate. Haya, tuwasamehe. Hiyo ni sheria ya dunia yetu. Mimi nawadai za kwao.)

Deni linaanza

Mwaka 2009 ikaja Revenge of the Fallen. Kumbe vipande vya mchemraba vilibaki! Kimoja kinawekwa kwenye mwili wa Megatron chini ya bahari, naye anafufuka. Yaani kitu kilekile kilichomuua kikiwa kizima kinamponya kikiwa kipande.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Wanafamasia watatuambia kwamba tofauti ya dawa na sumu mara nyingi ni kipimo, na kanuni hiyo inajulikana tangu enzi za Paracelsus, karne ya 16. Pengine mchemraba mzima ulikuwa dozi ya kuua na kipande ni dozi ya kutibu. Maelezo mazuri kabisa, ila nimeyatoa mimi, muvi haikuyatoa. Na ukiyakubali, maswali mapya yanakuja mbio. Kipande kingine kiko mikononi mwa kina Sam, na wanakitumia kumwamsha mzee Jetfire kwenye jumba la makumbusho. Wakati huohuo Optimus Prime amelala maiti. Kwa nini kisijaribiwe kwake kwanza? Hapana, lazima wasafiri hadi Yordani kutafuta kifaa kingine kipya, Matrix of Leadership, ambacho hakikutajwa kabisa mwaka 2007.

Mwaka 2011, katika Dark of the Moon, Matrix inamfufua Sentinel Prime. Sawa, tumejua sasa kwamba inafufua. Muda si mrefu Ironhide anauawa kikatili. Pengine mwili ulioharibika kiasi kile haufufuki, lakini nani ametuambia? Mwaka 2014 tunaelezwa kuwa kuna Waumbaji waliotumia Mbegu duniani, miaka milioni 65 hivi iliyopita, kutengeneza chuma cha maroboti. Mwaka 2017 anatokea Quintessa, anayejiita muumbaji, pamoja na fimbo ya Merlin, na tunaambiwa dunia yetu yenyewe ndiyo Unicron. Mwaka 2023, katika Rise of the Beasts, Unicron yuko angani anatafuta njia ya kuja kuila dunia. Sasa dunia itajilaje yenyewe?

"Acha makuu, hizo ni muvi za midoli"

Najua kuna msomaji keshasema hivyo. Na kweli, historia iko upande wake kidogo. Transformers ilianza mwaka 1984, pale kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipochukua midoli ya Takara ya Japani na kuitafutia hadithi. Midoli ilitangulia, hadithi ikafuata. Katuni za televisheni zikaandikwa na watu wengine, vitabu vya katuni vya Marvel na wengine. Ndiyo maana mwaka 1985 Matrix ya Marvel ilikuwa nguvu ndani ya akili ya Optimus, ikaweza hata kuhamishiwa kichwani mwa kijana Buster Witwicky. Katika filamu ya katuni ya 1986, Matrix ni kitu cha kushika mkononi kinachokaa kifuani mwa kiongozi.

Hapo mimi sioni kosa, na ni muhimu tutenganishe mambo mawili. Matoleo kutofautiana si kosa. Sisi tumekulia kwenye ngano, tunajua Sungura wa bibi huyu si Sungura wa bibi yule. Mchukue Fumo Liyongo, shujaa wa pwani. Wasimulizi wanatofautiana kwa mengi, lakini sheria inasimama: hafi ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Na anakufa hivyohivyo. Hakuna msimulizi anayemchoma mkuki mgongoni halafu akaendelea kama kawaida. Nguvu ya kisa chote, usaliti wa mtu wa damu yake, inategemea sheria ile moja.

Muvi za 2007 hadi 2017 ni mfululizo mmoja, mwongozaji mmoja. Huwezi kujitetea kwa matoleo. Huyo ni bibi mmoja, jioni moja, anasema fisi amekufa, na baada ya sentensi mbili fisi anacheka.

Kiraka kizuri na kiraka kibovu

Kwa nini blogu ya sayansi ihangaike na hili? Kwa sababu wanasayansi nao huweka viraka, na kuna namna ya kujua kiraka kizuri.

Katika karne ya 19 sayari Uranus ilionekana kupotoka kwenye njia iliyotabiriwa na kanuni za Newton. Urbain Le Verrier wa Ufaransa akaweka kiraka: kuna sayari nyingine inayoivuta. Lakini hakuishia kusema ipo. Alitaja ipo wapi. Mwaka 1846 Johann Galle akaelekeza darubini huko Berlin, akaikuta Neptune. Baadaye Le Verrier akatumia kiraka kilekile kwa Mercury, akadai kuna sayari iitwayo Vulcan. Ikatafutwa, haikupatikana. Jibu lilikuja mwaka 1915, Einstein alipobadilisha nadharia yenyewe ya uvutano.

Tofauti unaiona? Kiraka kizuri kinajifunga: kinasema jambo jingine litakaloweza kuhakikiwa. Kiraka kibovu kinaziba tundu la leo tu. AllSpark, Matrix, Mbegu na fimbo ni viraka vya leo tu. Hakuna kinachobana muvi inayofuata, na kisichobana hakiogopeshi. Optimus akianguka tena, mtazamaji hashtuki. Anasubiri tu kuona safari hii watatoa kifaa gani.

Hata watafsiri wetu wa muvi, wale wa mtindo aliousambaza marehemu na hai wa kazi hiyo, kina Lufufu, huongeza maelezo yao pale hadithi inapoyumba. DJ mzuri huwa anamdai mwandishi kwa niaba yetu.

Haki itendeke: Transformers One, katuni ya 2024, imefanya kazi nzuri. Tunaambiwa mapema kwamba tangu Matrix ipotee, nishati ya energon haitiririki Cybertron. Hilo ni tabiri. Mwishoni Matrix inamwendea Orion Pax, naye anakuwa Optimus Prime, na energon inatiririka. Walijifunga, wakalipa.

Kwa hiyo ukienda kuangalia muvi yoyote yenye kifaa cha ajabu, iwe pete, fimbo au mchemraba, jiulize maswali matatu. Kinaweza nini? Hakiwezi nini? Anayekitumia anapoteza nini? Yaandike majibu kwenye simu yako muvi ikiwa bado changa, halafu yasome inapoisha. Majibu yakibadilika bila wewe kuambiwa sababu, una haki ya kuuliza. Na ukiyazoea maswali hayo, wajaribie pia wanaokuuzia dawa moja inayotibu kila kitu.