Kadi ya Buluu Ndani ya Jedwali Moja

Kadi MOH 257, ile ambayo wahudumu wa kliniki za VVU wanaiita kadi ya buluu, ina sehemu ya jamaa wa mgonjwa: jina, umri, uhusiano, hali ya VVU. Chukua mama wa Kosele, kaunti ya Homa Bay, mwenye watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 9. Kwenye karatasi kila mtoto ana mstari wake. Kwenye kompyuta, kuulinda mstari huo ni kazi.

KenyaEMR, mfumo wa kompyuta unaohifadhi kumbukumbu hizo, umejengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza 2004 na kuingia kazini Eldoret mwaka 2006. Chini yake iko Hibernate, inayogeuza mistari ya hifadhidata kuwa vitu vya Java. Mgonjwa ana ziara nyingi, ziara ina vikao vingi, kikao kina majibu mengi. Majibu yote hukaa katika jedwali moja liitwalo obs, kila jibu mstari wake. Fomu ikiongezwa swali, hakuna haja ya jedwali jipya. Dhana mpya inaingizwa kwenye kamusi ya mfumo, kazi inaendelea.

Ila majibu yakilazwa hivyo, mtoto anapotea. Utakuta 4, 9, hasi na chanya, vyote vya kikao kimoja, wala hujui aliye chanya ni yupi. Na huyo ndiye anayehitaji dawa! Wabunifu waliongeza safu moja, obs_group_id, inayoelekeza kwenye mstari mwingine wa obs hiyo hiyo. Mstari mzazi hauna jibu lake wenyewe. Unawashika wanawe tu. Mwana naye anaweza kuwa mzazi, kwa hiyo hata fomu yenye kikundi ndani ya kikundi inaingia.

Gharama inajitokeza wakati wa kusoma. Kwa kawaida Hibernate haileti mkusanyiko, mfano ziara za mgonjwa, mpaka uguswe. Wagonjwa 40 wenye ziara 12 kila mmoja wanakugharimu ombi 1 la wagonjwa, 40 ya ziara na 480 ya vikao: maombi 521, na bado hujaona jibu hata moja. Kwa kompyuta ndogo ya kliniki, foleni inasimama. Ndiyo maana obs hubeba pia person_id, ingawa kikao tayari kinamjua mgonjwa. Wapo wanaolaumu urudiaji huo. Mimi nautetea: ombi moja linaruka ngazi mbili na kuleta majibu yote ya mtu.

Kwa jamaa, hata hivyo, nisingeishia kwenye kikundi. Jina la mtoto mle ni maandishi matupu. Siku akiletwa kliniki atafunguliwa faili lake, na faili hilo halitajua kikundi cha mama. OpenMRS ina jedwali la uhusiano kati ya mtu na mtu. Mtoto aandikwe humo tangu siku mama anapomtaja.